Kibodi Haionekani, Bonyeza F1

Makanga wa matatu za Othaya wamenibatiza upya. Nikipita pale Whispers Park mjini Nyeri, mmoja anadunga hewa kwa kidole, mwenzake anamjibu kwa sauti nyembamba, "Haionekani!" Basi wanacheka hadi abiria walioketi wanachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Wanaelezwa, tena kwa kirefu.

Chanzo ni tarehe 30 Juni. Hiyo ndiyo siku ya mwisho kwa Mkenya mwenye PIN ya ushuru kuiambia serikali alichopata mwaka uliotangulia. Ambaye hakupata kitu naye sharti aseme kwamba hakupata kitu. Akikaa kimya, adhabu yake haipungui Sh2,000. Duka la mke wangu la kuchapa na fotokopi lilikuwa na foleni iliyotoka mlangoni, ikampita muuza mitumba, ikapinda kona. Ukungu wa Nyeri ulikuwa umelalia mji, watu wamevaa makoti mawili mawili wakisugua viganja. Nikaingia, nikavuta kiti, nikasema, "Dakika mbili tu, wazee wangu," nikabonyeza kitufe cha kuwasha.

Skrini ikaandika kwa herufi nyeupe: kibodi haionekani, bonyeza F1 uendelee.

Nikabonyeza. Nani asingebonyeza?

Mwalimu mstaafu aliyekuwa mbele ya wote alivaa miwani, akasoma, akawageukia wa nyuma.

"Inasema haioni kibodi."

"Na inataka nini?"

"Inataka abonyeze kibodi."

Pakawa kimya. Kisha mtu wa mlangoni, ambaye hata skrini hakuiona, akasema, "Si abonyeze basi."

Tangu hapo foleni nzima ikawa fundi. Huyu alitaka nibonyeze kwa nguvu, yule alitaka nibonyeze polepole. Kijana mmoja akaniagiza nishikilie bila kuachilia, nami nikashikilia bila kuachilia, mzima mimi, mwenye familia. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka matundu ya mbele na ya nyuma. Kile kitaa cha kibodi hakikuwaka hata kwa heshima. Mke wangu alisimama nyuma yangu, mikono kifuani, akauliza kwa ile sauti ya upole anayoitumia mbele ya wateja, "Baba watoto, jana usiku ulikuwa ukifanya nini hapa?"

Nilikuwa nikihifadhi umeme.

Acha nieleze, maana pale dukani sikupewa nafasi. Kompyuta ya mezani, ukiizima, haizimiki. Kile kitufe cha mbele si swichi, ni ombi tu linalopelekwa kwenye ubao mkuu. Ndani mle, mradi waya umo ukutani, kuna uzi wa zambarau wenye volti 5 ambao haulali usiku kucha, ukingoja ombi hilo. Hata mchoro ulio kwenye kitufe, lile duara lililokatwa juu na kuingizwa kijiti, katika alama za kimataifa za umeme uliwekwa kumaanisha "nimepumzika", wala si "nimezimika". Sisi watu wa Nyeri tunalo duara letu. Kwenye kaburi la Baden-Powell, aliyefariki hapa Januari 1941, pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya maskauti ya kusema "nimekwenda nyumbani". Huko ndiko kuzima. Kompyuta ni mgeni aliyeaga kila mtu, akashika kofia, kisha akakaa tena mlangoni kungoja chai.

Wazungu waliliona jambo hili wakalitungia sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 iliamuru kwamba kuanzia 2010 chombo kilichozimwa kisinywe zaidi ya wati 1, na kuanzia 2013 kisizidi nusu wati. Ndiyo sababu, ukiingia kwenye BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows haijajua kumekucha, utakuta mstari ulioandikwa ErP. Ukiuwasha, mashine inakata karibu kila kitu ikizimwa. Mashine yetu ni mtumba kutoka Uingereza, kibodi yake ingali na alama ya pauni juu ya tarakimu 3, na mstari huo ulikuwa umelala bila kazi. Niliuwasha kwa furaha ya mtu aliyeokota pesa kwenye koti la zamani.

Ningeishia hapo, lakini chini yake palikuwa na matundu ya USB.

USB ina adabu ambayo binadamu tumeipoteza. Ilipotangazwa mwaka 1996, makampuni yaliyoiunda yalitaka tundu la aina moja limalize vurugu za plagi nyuma ya kompyuta. Chombo kikichomekwa hakivamii. Kwanza hupewa mkondo mdogo tu, miliampia 100. Kompyuta hukipa namba yake, kisha hukiuliza: wewe ni nani, umetengenezwa na nani, unataka umeme kiasi gani? Kikijibu vizuri, kwenye ile USB 2.0 ya mwaka 2000 huruhusiwa kuvuta hadi miliampia 500. Namba zenyewe hufika 127, na hakuna vyombo viwili vinavyopewa namba moja. Na njia ikinyamaza kwa milisekunde 3, chombo chenyewe hujua kwamba wakati wa kulala umefika, kikalala bila kubembelezwa. Nina watoto, kwa hiyo niliisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Lakini adabu hiyo huwafungulia wengine mlango. Flashi za wateja zinakuja na virusi kutoka kila saiba iliyoko kati ya Mweiga na Karatina, nazo zinajibu maswali yote vizuri. Katika BIOS palikuwa na mstari mmoja unaosimamia matundu yote. Nikaufunga, nikahifadhi, nikaenda kulala.

Naomba ieleweke kwamba kibodi sikuigusa. Nilifunga mlango. Kwamba kibodi nayo inapitia mlango ule ule wa flashi ni uamuzi wa walioiunda mashine, na mimi sikuitwa kwenye kikao chao. Kibodi za zamani, zenye plagi ya duara iliyoletwa na IBM mwaka 1987, zilikuwa na tundu lao wenyewe. Mashine yetu haina tundu hilo. Kwa hiyo, ili kuufungua mlango, sharti uingie BIOS. Ili uingie BIOS, sharti ubonyeze kibodi. Na kibodi iko nje, mlangoni, ikingoja kufunguliwa.

Nyuma ya mwalimu alikuwepo cucu mmoja wa Tetu, nyanya aliyekuja kutangaza kwamba hakupata kitu.

"Kijana," akasema, "hiyo kitu haina betri? Redio ya mzee wangu ikikataa, tulikuwa tunatoa betri, tunaianika juani, tunarudisha."

Nilimweleza kwa heshima zote kwamba kompyuta si redio. Nilimweleza kuhusu ubao mkuu, kumbukumbu, na maendeleo ya teknolojia kwa jumla. Alinisikiliza akitikisa kichwa. Nilipomaliza, mwalimu akauliza, "Lakini ina betri?"

Inayo. Inaitwa CR2032, volti 3, bapa, ukubwa wa sarafu. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS waya unapokuwa nje. Ukiitoa waya ukiwa nje, mashine inasahau kila ilichoambiwa, pamoja na kilichoambiwa jana usiku. Tulichomoa waya ukutani, tukafungua kasha, mwalimu akamulika kwa simu, mimi nikaing'oa kwa ncha ya ufunguo, cucu akaishika kiganjani akiipumulia, kwa kuwa jua halikuwepo. Tukairudisha. Nikabonyeza F1, mashine ikaendelea. Foleni ikapiga makofi, ikimtazama cucu.

Ilipowaka ilidhani ni Januari 2009. Tovuti ya ushuru ikakataa kufunguka, kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa, kwa hesabu ya mashine, hakijazaliwa. Cucu alipoelezwa alishtuka. "Kama ni 2009, usiandike kwamba sina kitu. Mwaka huo nilikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa."

Nilirekebisha tarehe, tukafanya kazi hadi usiku, na baadaye, duka lilipofungwa, nikapiga hesabu ya nilichokuwa nikiokoa. Wati 1, usiku na mchana, mwaka mzima, haifiki uniti 9 za stima. Hapo kicheko kikaniishia. Gura, Chania na Ragati huteremka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya mbele ya macho yetu, zikaingia Sagana, Sagana ikaingia Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji ni ya milima yetu. Stima inaturudia ikiwa na bei, nayo huondoka bila kuaga, mara nyingi cherehani zikiwa katikati ya sare za shule na kinyozi akiwa amemaliza upande mmoja. Mnamo 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la stesheni ya Gitaru, akaangukia transfoma, nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona. Nimeikagua BIOS mstari kwa mstari na hakuna mahali pa kumfunga tumbili. Sheria ya kubana nusu wati iliandikiwa watu ambao stima yao haikatiki; ikaja kwetu ndani ya mtumba, ikatukuta sisi ambao tunabaniwa bila kubonyeza chochote. Asiye na kitu anapanga foleni kwenye baridi kukiri kwamba hana kitu, na kompyuta itakayomsaidia kukiri inafundishwa kujinyima. Sijui ni nani hasa anayewekewa akiba hii, ila ninajua si cucu wa Tetu.

Mengine yaliyofuata ni madogo. Kule Karatina skrini niliyoipanga ibane umeme ililala kwenye mkutano wa chama mweka hazina alipofika penye mikopo ambayo haijalipwa, na kila mtu anaamini nililipwa.

Kisha niliipanga mashine ijiwashe yenyewe stima ikirudi. Ikarudi saa nane usiku, printa ikamalizia ratiba za mazishi zilizokatizwa mchana, na mlinzi wa jengo hajaonekana tena.

Mke wangu ameiwekea BIOS nenosiri. Aliliandika akiwa amenigeuzia mgongo. Nikamjulisha, kwa faida yake tu, kwamba betri ikitolewa, nenosiri nalo huenda likafutika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akamtuma kijana kwenye duka la vyuma akanunue kufuli la kasha.