Mhadhara wa Mtaalamu kwa Wanaoanza Biashara Mtandaoni

Itifaki imezingatiwa, hasa ile inayomhusu Mtaalamu mwenyewe. Amekaribishwa, amepigiwa makofi, akaomba apigiwe tena kwa kuwa ya kwanza hayakumridhisha, na sasa yuko tayari kuanza. Waliokaa nyuma wanaombwa kusogea mbele, isipokuwa kwenye viti vya mstari wa kwanza, ambavyo ni vya waliolipia VIP na haviguswi hata vikibaki vitupu. Kama wahudhuriaji watakavyoona, Mtaalamu hujitaja kwa jina la Mtaalamu. Neno "mimi" amewaachia wenye maduka ya rejareja.

Mada ya leo: kwa nini wanaoanza biashara mtandaoni hawaioni fedha. Mtaalamu ameitafiti kwa kina, akiwa amelala, kwa simu, na amegundua sababu 7. Sita zimo kwenye kifurushi cha dhahabu, kinachouzwa peke yake. Ya saba anaitoa bure kwa jinsi anavyowapenda vijana. Ni mtazamo. Mwanagenzi hafanikiwi kwa sababu anawaza kimaskini. Mengine yote yanayosemwa ni visingizio, na Mtaalamu atayapitia ili ukumbi mzima uone yalivyo mepesi.

Kisingizio kinachopendwa kuliko vyote ni cha YouTube. Kijana wa Tandika anafungua chaneli ya mapishi, anapika ndizi nyama vizuri tu, kisha analalamika kwamba halipwi. Sharti la kugawiwa mapato ya matangazo linajulikana tangu Januari 2018: wafuatiliaji 1,000, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa kila anayepita atakaa dakika 3 kabla bando halijakata au mtoto hajalia, basi chaneli inatakiwa itazamwe mara 80,000. Anayetaka kupita njia ya video fupi atafute watazamaji wa kutosha kuifikisha mara milioni 10 kwa siku 90. Mwenye mtazamo wa kitajiri, anasema Mtaalamu, hapotezi muda kuhesabu mambo kama haya. Ndiyo maana yeye hakuyataja kwenye tangazo la semina.

Kijana akivuka hapo, anakutana na barua.

Mapato yake yakifika dola 10, Google inamtumia kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anwani. Barua ya karatasi, ndani ya bahasha, katika karne hii. Kule Marekani inatumbukizwa kwenye kisanduku cha mlangoni. Ya Tandika inakwenda S.L.P., na hiyo S.L.P. si ya kijana, ni ya shule ya msingi anayofundisha shangazi yake. Karani anaipokea, anaona jina la Kizungu juu ya bahasha, anadhani ni wafadhili, anaiweka mezani kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu yuko likizo. Shangazi akiulizwa anasema hajaona barua yoyote, na hasemi uongo. Namba isipoingizwa ndani ya miezi 4, matangazo yanasimamishwa. Na hata ikiingizwa, fedha haitoki mpaka ifike dola 100, ilhali katika kila dola inayotokana na matangazo ya video ndefu, YouTube imeshabaki na senti 45. Mtaalamu analiona tatizo waziwazi: kijana hakuwa akijitamkia mafanikio kila asubuhi.

Kutoka hapo Mtaalamu anamgeukia binti wa mstari wa tatu, ambaye anamtumia kama mfano bila kumwomba ruhusa. Binti anauza magauni Instagram. Gauni analinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000 na kuliuza 25,000. Chini ya picha anaandika "bei njoo inboksi", kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na Mtaalamu kwenye semina iliyopita. Wanaokuja ni wengi. Wanauliza bei, wanaambiwa, wanajibu "sawa dia", wanapotea. Akibaki mmoja wa Mbezi aliye na nia, linazuka lile la nani atangulie. Binti anasema, tuma hela na ya kutolea. Mteja anasema, lete kwanza nilione. Wote wawili wana haki, kwa sababu wote wawili wameshatapeliwa. Mwishowe bodaboda anapanda na mzigo hadi Mbezi. Mteja analijaribu gauni, anasema kwenye picha lilikuwa bluu na hili ni kijani, anafunga geti. Faida ilikuwa shilingi 7,000. Nauli ya kwenda na kurudi imeimeza yote na kudai nyongeza, na hapo bando na tangazo la kulipia havijahesabiwa. Mtaalamu amemshauri abadilishe picha ya wasifu.

Watu wa visingizio hupenda pia kuitaja Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, wakidhani wamemkomoa Mtaalamu. Ni kweli, Aprili 2019 hisa za Jumia zilianza kuuzwa katika soko la hisa la New York, na Novemba ya mwaka huohuo kampuni ikafunga biashara yake Tanzania. Ni kweli pia kwamba ilikuwa na wawekezaji wa kimataifa, wahasibu na mawakili, vitu ambavyo binti wa mstari wa tatu hana. Na ni kweli Amazon ilianza kuuza vitabu mwaka 1995, ikaja kumaliza mwaka mzima kwa faida mara ya kwanza mwaka 2003. Kozi ya Mtaalamu inaahidi matokeo ndani ya siku 21. Tofauti hiyo inaelezeka kirahisi: Jeff Bezos hakuhudhuria semina.

Kuhusu anwani, Mtaalamu hana subira. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikawekewa vibao. Kama bodaboda bado anaelekezwa kwa kuambiwa "ukifika kibanda cha chipsi nipigie", huo ni mtazamo wa bodaboda.

Wapo walioamua kuuza ujuzi badala ya magauni: kutafsiri, kuchora nembo, kunukuu sauti. Hawa nao wana manung'uniko yao. Fiverr inakata asilimia 20 ya kila kazi. Upwork inataka mwombaji atumie pointi, kila moja senti 15 za dola, na kazi moja huweza kudai pointi kumi na zaidi, kwa hiyo mtu asiye na kazi analipa ili aruhusiwe kuomba kazi. Asiye na sifa kutoka kwa wateja wa zamani hapewi kazi, na asiyepewa kazi hapati mteja wa kumsifu. Akibahatika, inabaki kuifikisha fedha nyumbani. Kenya iliunganisha PayPal na M-Pesa mwaka 2018. Tanzania, kwa miaka mingi, akaunti ya PayPal imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea. Mtaalamu anakiri kwamba hiki kinakaribia kuwa kisingizio cha maana, kisha anaomba maji.

Sheria anazipita mbio, kwani hazina makofi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipie maombi shilingi 100,000, leseni milioni 1, na ada ya mwaka milioni 1, kabla hajaona hata senti ya tangazo. Ada hizo zilikuja kupunguzwa baadaye. Kenya, tangu Julai 2023, hukata kodi ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui. Inayofuata.

Inayofuata ni mama mmoja aliyenyoosha mkono muda mrefu. Anauza viungo vya pilau na dagaa wa Mwanza kupitia WhatsApp. Wateja wake wa kwanza walikuwa kwaya ya kanisani kwake, halafu ndugu za kwaya, halafu watu wa Dodoma walioonjeshwa na ndugu za kwaya. Mzigo anaupakia kwenye basi, anapiga picha risiti, anaituma pamoja na namba ya kondakta. Asiyemjua hamuuzii kwa mkopo, na anayemjua humlipa kabla ya kuulizwa. Mtaalamu amemsikiliza kwa huruma na kumweleza kwamba hiyo si biashara ya kidijitali, kwa kuwa haina tovuti wala nembo, na imemchukua miaka kuijenga.

Mama hakukaa. Akauliza Mtaalamu mwenyewe anauza nini huko mtandaoni.

Swali limepokewa, ingawa limekosa adabu. Mtaalamu anauza kozi. Kozi inafundisha kuuza kozi. Anayehitimu analeta watu 3, anapata kamisheni yake, na hao 3 kila mmoja analeta 3. Mama akasema hiyo inamkumbusha upatu wa DECI wa mwaka 2009, watu walipokuwa "wakipanda mbegu" na kungoja kuvuna mpaka serikali ikaingilia kati. Mtaalamu alifafanua kwamba ile ilikuwa ya makaratasi na hii ni ya simu. Mama akatoa simu yake basi, akafungua kikokotoo, akaanza kuzidisha kwa tatu kwa sauti huku akijumlisha. Alipofika ngazi ya 16 jumla ilipita milioni 64. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, vichanga wakiwemo. Kuna aliyecheka. Mwendesha shughuli akawasha muziki.

Ikumbukwe kwamba mtandao haumbagui mgeni, humkuta tu hana anayemwamini, hana njia ya kupokelea fedha na hana mtu wa kumfikishia mzigo, kisha humtoza ada katika kila mlango. Sentensi hiyo ilikuwa kwenye karatasi za Mtaalamu. Aliinakili mahali fulani, akaiona inapoteza matumaini ya watu, akaikata kwa kalamu nyekundu.

Maswali mengine yatajibiwa kwenye kifurushi cha dhahabu. Vyeti vitatolewa kwa waliomaliza kulipa. Kitabu cha Mtaalamu, kinachofundisha namna ya kuuza kitu chochote mtandaoni, kipo mezani pale mlangoni kwa shilingi 20,000, taslimu. Mtandaoni hakiuzwi.