Orijino ya Ngapi?

Siku hizi ukienda Kariakoo kununua chaja ya simu, jiandae kwa usaili. Ukisema tu unataka orijino, muuzaji atakuuliza, "Orijino ipi, mzee wangu?" Sisi wengine tulizoea kwamba kitu ni orijino au ni feki, habari imeisha. Kumbe ipo orijino kabisa, ipo orijino ya Kichina, na ipo kopi orijino, ambayo kijana mmoja alinieleza, tena bila kutabasamu, kwamba ni kopi, ila imetoka kwa wenye kopi yao.

Nikamuuliza waranti. Akachomeka chaja kwenye ekstensheni, simu ikaonyesha inapokea moto, akachomoa. Waranti ndiyo hiyo, imeanza na imekwisha. Ukutani nyuma yake pamebandikwa karatasi: mali ikishauzwa hairudishwi.

Bei je? "Elfu kumi na tano, fiksi." Nikageuka niondoke, akaniita, tukamalizana kwa elfu nane. Kwa vijana wa mjini fiksi maana yake ni uongo, kwa hiyo sina la kumlaumu, alinitangazia mapema.

Ya yuzdi ndiyo usiniulize kabisa. Friji imechoka huko Ulaya, mlango umekwanguka, inauzwa kwa maringo kuliko mpya iliyo ndani ya boksi, eti hiyo ndiyo orijino yenyewe. Na majirani wanakuja kukupongeza.

Tena pahala penyewe! Kariakoo ni Carrier Corps iliyopita midomoni mwetu: wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya ugomvi usiowahusu. Kambi yao iliwekwa hapo baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916. Nairobi nako kuna Kariokor. Ipi orijino na ipi kopi, sithubutu kuuliza, nitatajiwa bei.

Basi nikadai risiti, kama tunavyohimizwa kila siku redioni.

"Ya mashine au ya mkono? Ya mashine bei inapanda."

"Hiyo ya mkono ni risiti kweli?"

Akavuta daftari, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Orijino kabisa, mzee wangu. Si unaona naiandika mwenyewe?"