Asilimia Hamsini

Mtaa mzima ulijua kwamba nimekwenda fildi kusomea nyangumi. Mimi sikusema hivyo. Niliomba nafasi ya kujifunza sayansi ya bahari wakati wa likizo ya Desemba, nikiwa kidato cha tatu, na barua ya kukubaliwa ilipofika shangazi aliisoma kwa sauti dukani. Nyangumi aliwaongeza mwenyewe, barua inoge.

Mwezi huo nyangumi wako mbali huko Antaktiki, wanakula. Niliyoyakuta Chwaka, kijiji cha pwani nilikopelekwa, ni majani. Nyasi bahari, kwa usahihi. Zina mizizi na hutoa maua humohumo majini, tofauti na mwani wanaolima akina mama, ambao mizizi hauna. Ukizichanganya mbele ya msimamizi, utasikia somo hilo mpaka maji yajae.

Kazi yenyewe ni hii. Bamvua likitoa, mida ya saa nne asubuhi, mnavuta kamba ya mita 50 kutoka ufukweni kwenda kilindini. Kila baada ya mita tano mnalaza fremu ya bomba za plastiki, sentimita 50 kwa 50, mnainama na kukadiria nyasi zimefunika asilimia ngapi. Mwenzangu, kijana wa chuo, aliona arubaini. Mimi niliona sitini. Msimamizi akaja, akapangusa miwani, akasema hamsini, kwa sauti ya kadhi anayegawa mirathi. Fremu iliyofuata ilikuwa mchanga mtupu. Tulikubaliana sifuri kwa furaha ambayo sifuri haijawahi kuniletea skuli.

Kisha nikapewa jongoo bahari nimpime urefu. Ukimgusa anajikunja, ukimwacha anarefuka, na rula haijui imwamini yupi. Wangu alipochoshwa na sayansi akatoa nyuzi nyeupe zinazonata, kupitia sehemu ambayo adabu hainiruhusu kuitaja. Nyuzi zikashika vidole, vidole vikashika penseli, penseli ikashika karatasi. Nasikia China hukaushwa na kuliwa karamuni. Nawaachia.

Lakini hayo yote yalikuwa ya faragha. Fedheha ya hadharani ilitungoja barabarani, kwa sababu gari la ofisi lilikuwa gereji na ndoo mbili za tope la nyasi zilitakiwa kufika maabara siku ileile. Tukapanda daladala.

Tope lile halina oksijeni, na vijidudu vinavyoishi humo hutoa gesi inayonuka mayai viza. Mpaka tunatoka Chwaka hakuna aliyesema neno. Baadaye bibi mmoja akamtazama mama aliyepakata mtoto. Mama akamnusa mtoto, akaridhika, akamtazama kijana wa dirishani. Kijana akafungua dirisha, jambo ambalo watu walilichukua kama kukiri. Mimi niliangalia minazi kwa makini ya mtu ambaye hajawahi kuona mnazi.

Ndoo ikapiga chafya barabara ilipoharibika, kifuniko kikaruka, na mjadala ukafungwa.

"Nani kapakia hii?" konda akauliza.

Msimamizi wangu ni msomi, na msomi akibanwa hufundisha. Akasimama, kichwa kikigonga paa, akawaeleza abiria kwamba tope la nyasi bahari huhifadhi kaboni kwa miaka mamia, na kwamba lisipovurugwa huisaidia dunia isizidi joto.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu tulipoanza safari akageuka polepole. "Ahsante maalim. Basi si mngeliacha hukohuko likahifadhi?"

Daladala zima likacheka, pamoja na mtoto. Konda alizitoza ndoo nauli ya watu wazima wawili.

Mtaani nako utafiti uliendelea bila ridhaa yangu. Kwa kuwa nilikuwa mtu wa bahari, kila ugomvi wa samaki ulinifikia. Jirani alinivuta kibarazani mbele ya muuza samaki, akanitilia changu mkononi. "Hebu mwambie, mwanangu. Huyu mzima au kaoza?"

Nikafungua matamvua: wekundu ulikuwa umeanza kugeuka kahawia. Jicho moja lilikuwa angavu, jingine limefifia. Muuza samaki akanitazama. Jirani akanitazama. Nikapangusa miwani nisiyokuwa nayo.

"Hamsini," nikasema.

Muuza samaki akakuna kichwa, akakubali nusu ya bei. Jirani, kwa shukrani, akanikaribisha chakula cha mchana. Nikamwambia nimefunga.