Basi Halina Moshi, Makanga Je?

Tangu 2022 Nairobi ina mabasi ya umeme, tena umeme ambao sehemu kubwa yake hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria. Safi kabisa! Injini haisikiki. Kinachosikika ni makanga anayegonga bodi: “Beba, beba! Wawili wa haraka!” Ukiingia, siti nusu ziko wazi, na hao waliokaa kumbe wamelipwa kukaa, mtashukia mlango mmoja, ila wao kabla gari halijaondoka. Wengi wa wenye mabasi haya hulipia betri kwa kila kilomita. Abiria hulipa kwa kila wingu. Zamani mvua ikinyesha na nauli ikipanda, tuliambiwa ni dizeli. Sasa labda tutaambiwa ni radi. Na chenji? “Utapata ukishuka, mathe.”