Mhadhara juu ya Sanaa ya Kumhoji Waziri, Uliotolewa Palma na Mtaalamu Pekee

Wazee wangu wa Palma, ndugu zangu wa Kionga na wa Quitunda, na ninyi watoto mliopanda mwembe bila kibali: tulieni. Mwenye simu aizime. Asiye nayo ajifanye ameizima. Leo mnapata bure elimu ambayo watu wa Maputo wangeilipia, laiti wangejua kama nipo.

Somo letu ni namna wabunge wanavyowahoji mawaziri juu ya afya na ustawi wa jamii. Ni somo zito na nitalifikia. Ila kabla ya somo hutangulia msomi, na msomi asiyejitambulisha atatambulishwa na mahasidi.

Mimi ni mzaliwa wa Kionga. Wajuao historia naona wameshaanza kutikisa vichwa. Kionga, wapendwa, ilikuwa ya Mjerumani hadi mwaka 1916, Mreno alipokuja kuitwaa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Maana yake nini? Maana yake babu yangu alikulia chini ya Mjerumani, na Mjerumani ni mtu wa saa. Kutunza wakati kwetu ni jambo la damu. Sijapata kuchelewa katika maisha yangu. Yapo tu mambo yaliyotangulia kabla sijafika.

Na elimu ya kuhoji nimeipata wapi? Redioni. Bunge la ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, kule Dodoma, huanza saa 3 asubuhi: dua, kisha maswali kwa saa nzima na ushei. Basi kila siku ya kikao, saa 3 kamili nimeshaketi, chai mkononi. Nakunywa taratibu, na ikifika saa 3 na nusu, kwa kuwa mtu mzima haingii shughulini pamoja na watandika mikeka, ndipo nafungua TBC. Miaka nenda, miaka rudi. Hata siku ile ya Machi 24, 2021, vita vilipoingia mjini hapa na kila mtu akashika njia yake, mimi niliokoa redio. Mama watoto aliokoa watoto. Kila mmoja na wizara yake, na nashukuru hajawahi kuniuliza swali la nyongeza.

Redio hiyo ilinifunulia siri ambayo hamtaisikia kwa mwingine: uti wa mgongo wa kuihoji Serikali ni wageni. Naam, wageni! Spika anataja wageni walioketi jukwaani. Wageni wa Waziri wa Afya, wakiongozwa na Katibu Mkuu. Wageni wa Mheshimiwa fulani, wapiga kura wake kutoka jimboni. Wanafunzi na walimu wao, waliokuja kujifunza shughuli za Bunge. "Simameni pale mlipo!" Wanasimama. Makofi yanapigwa. "Ahsanteni, karibuni sana." Wanakaa. Hapo ndipo waziri anapotoka jasho, kwani ni waziri gani atakayethubutu kusema uongo mbele ya watoto wa shule? Nimelichambua jambo hili kwa kina. Wageni wakizidi, nchi ina afya. Wakipungua, jueni dawa zimepungua. Yale mambo ya kuulizana na kujibizana wanayoyasimulia watu sijayasikia hata mara moja, na ninaamini ni uvumi.

Nahodha, mbona mkono juu? Sema, lakini kwa ufupi.

Unasema saa ya Mtwara iko mbele ya saa ya Palma kwa saa moja. Unasema ikifika saa 3 na nusu hapa, kwao ni saa 4 na nusu, na maswali yamekwisha, na hiyo ndiyo sababu nasikia wageni tu. Nahodha, wewe ni mtu wa pepo na mikondo. Saa waachie watu wa Kionga. Na kicheko hicho huko nyuma kiingizwe katika kumbukumbu rasmi.

Bado una jingine? Kwamba Bunge hilohilo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, baada ya muswada kuletwa mwaka 2022 ukaondolewa kwanza, na ungependa kujua wabunge walihoji nini hasa juu ya fedha za kuwalipia wasio na uwezo. Naikumbuka sana siku ile. Wageni walikuwa wengi na makofi yalitosha. Mengine ni undani wa kitaalamu, usingeuelewa.

Tuje nyumbani. Bunge la Jamhuri lipo Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka mwembe huu, nalo lina wabunge 300. Mwalimu ananong'ona kuwa ni 250: Frelimo 171, Podemos 43, Renamo 28, MDM 8, kwa matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2024 kama yalivyothibitishwa na Baraza la Katiba. Sawa, mwalimu. Mimi nilihesabu pamoja na wageni. Kiti cha juu anakalia Bi Margarida Talapa, ambaye kabla ya Januari 2025 alikuwa Waziri wa Kazi na Hifadhi ya Jamii, yaani alikuwa upande wa kujibu, sasa yuko upande wa kusema nani ajibu. Waziri Mkuu ni Bi Maria Benvinda Levi. Waziri wa Afya, Bwana Ussene Isse, ni daktari kweli, tofauti na mimi ambaye ni daktari kwa heshima, heshima yenyewe nikiwa nimejipa.

Maputo mbunge hainuki tu akaropoka. Kila kambi ya chama huandika maswali yake na kuyapeleka kabla. Serikali inayapokea, inayasoma, inayalalia. Siku ikifika Waziri Mkuu anafungua, mawaziri wanafuata mmoja mmoja na karatasi zao. Yote kwa Kireno. Kireno changu ni cha daraja la juu mno, ndiyo sababu sikitumii ovyo.

Bibi, shikamoo. Nimekuona, umeinua mkono tangu wakati wa Mjerumani. Uliza.

Unataka kujua mbunge wa Palma ni nani ili umtume akakuulizie jambo. Bibi yangu, hapo umegusa kanuni. Karatasi ya kura ya ubunge ina vyama, haina majina ya watu. Chama ndicho kinachoipanga orodha, na jimbo ni mkoa mzima wa Cabo Delgado. Kwa hiyo mbunge wako ni wote. Yaani si yeyote. Yaani, kwa kukosekana mwingine wa karibu, ni mimi. Niulize mimi, nami nitakujibu kwa mtindo wa Dodoma, ambao mjukuu wa jirani amenifundisha kutoka kwenye simu yake.

Ehe. Kwamba jina lako lilikuwamo katika daftari la ruzuku ya wazee, ile inayoanzia metikali 540 kwa mwezi. Mkakimbia vita, mkarudi, na jina halikurudi pamoja nanyi. Na kwamba hata lingerudi, 540 ukiigawa kwa siku 30 unapata 18, na unataka waziri akueleze mtu anakula nini kwa 18.

Swali zuri sana. Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa niaba ya Serikali, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Bibi kama ifuatavyo. Serikali inatambua umuhimu wa wazee. Serikali ni sikivu. Mchakato unaendelea, na kadiri fedha zitakavyopatikana, daftari litaboreshwa kwa awamu. Namwomba Mheshimiwa Bibi aendelee kuwa na subira.

Unauliza lini? Bibi, hilo sasa ni swali jipya. Swali jipya lina utaratibu wake. Ungekuja na wageni, ningeweza kukusaidia.

Ninalotaka mlibebe kwenda nalo nyumbani ni kuwa huduma ya afya nchini mwetu ni nafuu kuliko chai. Kumwona tabibu katika kituo cha Serikali ni metikali 1. Dawa ulizoandikiwa ni metikali 5. Nani mwingine duniani anapewa hivyo? Bibi anauliza, na dawa zikiwa hazipo? Zikiwa hazipo, Bibi, umeokoa 5. Hayo ndiyo mahesabu ya taifa.

Dada muuguzi, kaa. Kipindi cha maswali kimekwisha. Haya basi, kwa kuwa umevaa koti jeupe.

Kwa nini nahutubu nikiwa nimeketi, na kikoi kimefungwa kwa upana huu? Spika huketi, dada. Mwenye mamlaka huketi. Kwa nini nilipotea mwezi mzima nikaonekana Mtwara? Utafiti. Nilikuwa nikilinganisha mifumo ya afya ya nchi mbili kwa njia ya kulazwa.

Unawaambia watu nini sasa? Kwamba busha na matende huletwa na minyoo midogo anayoieneza mbu, na kwamba vidonge vya kinga hugawiwa kijijini bure, nyumba kwa nyumba, na wewe mwenyewe ulikuja kwangu mlangoni navyo mkononi. Ulikuja, sikatai. Lakini ulikuja bila taarifa ya maandishi! Nilikueleza pale pale, kwa muda wa kutosha, kuwa shughuli ya umma lazima ipelekwe mezani siku zilizowekwa kabla. Ulipoondoka nilikuwa bado kwenye utangulizi. Majirani wakameza, mimi nikalinda kanuni. Historia itasema nani alikuwa sahihi.

Na sasa unasema vidonge vitagawiwa tena, na unataka nitamke hapa, mbele ya Bibi na mbele ya watoto wa mwembeni, kama safari hii nitameza.

Swali zuri sana. Serikali imelipokea. Upembuzi yakinifu utafanyika, wadau watashirikishwa, na majibu yatawasilishwa kwa maandishi. Bibi, usicheke, wewe bado una swali lako mezani. Kikao kimeahirishwa. Mchango wa mhadhara utiwe kwenye kofia hii, na ikipita kwako usijifanye unafunga kiatu wakati umevaa kandambili.

Nahodha, baba, hebu sogea. Karibu zaidi, hili si la hadhara. Mashua ya Mtwara inang'oa nanga saa ngapi? Hapana, kwa ajili ya utafiti. Na saa hiyo uliyoitaja ni ya kwetu au ya kwao?