Ile Hela Itume kwa Namba Hii

Msimu wa kabichi ukipamba moto, Rangwi nzima, huku kwetu milimani Lushoto, hudaiana. Mkulima anamdai dalali, dalali anamdai mchuuzi wa Ilala, mwenye Fuso anawadai wote wawili, na mimi mwenye steshenari namdai kila aliyetoa kopi ya kitambulisho akasema "nitapita jioni". Katika hali hiyo, anayekutumia ujumbe wa "Ile hela itume kwa namba hii" hana haja ya kukujua. Hela ipo. Hakuna mtu mzima wa huku asiye na "ile hela" yake.

Ufundi wenyewe ndio huo, wala hauna uchawi. Tapeli amekaa mahali, ametuma maneno yale yale kwa namba chungu nzima, akijua kwamba kati ya wote hao wapo ambao dakika hiyo wameshika simu wanataka kumlipa mtu. Ripoti za kila robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa namba za utapeli, lakini ujumbe hauna harufu ya mkoa. Ukiingia kwenye kitochi chako, unaonekana umetoka kwa jirani.

Zamani hela ilipanda mlima kutoka Mombo ndani ya bahasha, mkononi mwa konda aliyemjua baba yako. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, konda akapumzika, na tapeli akapata kazi.

Sisi wenye steshenari tunaona zaidi, kwa sababu huku kwetu barua pepe si siri ya mtu mmoja. Mteja anakuja na neno lake la siri limeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki, analisoma kwa sauti mbele ya foleni, kubwa na ndogo zote, kisha ananiomba nimfungulie. Huwa nawaomba walio nyuma yake wazibe masikio. Wanaziba, huku midomo yao inarudia zile herufi.

Mmoja wa wateja hao ni kijana wa jirani yangu, mhitimu wa chuo, aliyekuja anahema kuniletea habari njema. Amepata kazi! Barua pepe ilisema hivyo: mshahara milioni mbili na nusu, nyumba, gari, na kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyo atume shilingi 35,000 za sare na vipimo vya afya. Nikamuuliza aliiomba lini kazi hiyo. Akasema hakuiomba, lakini Mungu hashindwi. Nikamwonyesha anwani ya mtumaji. Ilianza kwa heshima zote, ajira, nukta, go, nukta, tz, halafu ikaendelea na maneno mengine mpaka ikaishia kwenye com. Nikamweleza kwamba anwani ni kama basi: usihangaike na majina yaliyopakwa ubavuni, uliza linaishia wapi. Basi linaloishia Mombo halijakufikisha Lushoto hata likiandikwa Lushoto mbele na nyuma. Anwani za serikali yetu huishia go.tz, na hapo mwisho ni mwisho.

Alielewa. Tatizo ni kwamba mama yake alikuwa ameshachinja kuku. Tulimla yule kuku kwa ukimya kidogo, ingawa alikuwa mtamu.

Kuna watu wanaamini tapeli hujulikana kwa makosa ya tahajia. Mwalimu mmoja wa hapa, rafiki yangu, alikuwa kiongozi wa imani hiyo. Alipoletewa barua pepe isemayo sanduku lake limejaa, litafungwa ndani ya saa 24, abofye linki ahakiki neno la siri, aliniagiza niichapishe. Akatoa kalamu nyekundu, akaisahihisha kuanzia "tafazali" hadi "amsante", akaipa alama nne kwa kumi na kuibandika ukutani. Mimi sikuafiki. Siku hizi zipo programu zinazoandika Kiswahili kilichonyooka kuliko matangazo mengi ya ofisini, na tapeli anazo. Hazikupita wiki nyingi mwalimu akapokea mwito wa semina kutoka ofisi fulani halali kabisa, umeandikwa vibaya kuliko ule wa tapeli. Akaupa alama tatu na kuufuta. Wenzake walikwenda semina, wakala wali kuku, wakarudi na posho. Tangu siku hiyo hasahihishi kitu kisicho cha darasani.

Nawe usidhani haya ni ya watu wa milimani wenye vitochi. Kati ya mwaka 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, aliziandikia Google na Facebook akijifanya ni Quanta, kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiwauzia vifaa. Aliwapelekea ankara za kughushi na kuwaelekeza walipe kwenye akaunti zake. Yaani, ukiondoa suti, aliwaambia: ile hela itume kwa namba hii. Wakatuma, zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimfunga miaka mitano. Kumbe hata Google huwa wanadaiwa, na siku hiyo hakuna aliyenyanyua simu kuwauliza Quanta wenyewe.

Shangazi yangu, ambaye Google hawamjui, angewaokoa. Siku moja alipigiwa simu: "Mama, mimi ni mwalimu wa mwanao, ameanguka ghafla, tuko hospitali, tuma laki mbili haraka daktari anasubiri." Shangazi alikuwa anachambua maharage. Hakuacha.

"Onga maundo," akasema.

"Mama, mtoto ana hali mbaya!"

"Pole. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama, mama, ila..."

"Na nyumbani kwako? Mama yako hajambo? Mvua imenyesha?"

Salamu zetu Wasambaa hazina njia ya mkato, na shangazi ni wa shule ya zamani: alikuwa bado hajafika kwenye mifugo simu ilipokatwa. Akafuta mikono, akapiga namba ya shule aliyokuwa nayo tangu mtoto aandikishwe. Mtoto alikuwa uwanjani anacheza netiboli. "Mwenye mgonjwa hakati simu," akaniambia, akarudi kwenye maharage yake.

Nimezitazama imeli na meseji nyingi, na sijaona kipimo kinachomshinda shangazi. Awe ameandika vizuri au vibaya, awe mganga wa utajiri, Freemason, mwenye nyumba au benki, tapeli ana ugonjwa mmoja: haraka. Leo, sasa hivi, kabla ya saa kumi, usimwambie mtu. Anajua ukipata nusu saa utamuuliza jirani.

Ila tahadhari nayo ina gharama zake. Mzee mmoja wa hapa aliangusha simu yake sokoni Lukozi, akaazima ya muuza karoti na kumwandikia mwanawe aliyeko Dar: "Ile hela itume kwa namba hii." Kijana akacheka, akajibu: "Kama kweli wewe ni baba, yule mbuzi aliyekufa aliitwa nani?" Mzee akapiga. Hakutaja mbuzi. Alimtaja mwanawe, mitihani aliyofeli na mwaka wake, bati alilotoboa akiwa darasa la tano, na mambo mengine ambayo muuza karoti hadi leo anayasimulia. Hela iliingia hata kabla simu haijakatwa.

Tulidhani alama za vidole zingetusaidia. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa vidole zikaanza kufungwa, tukashusha pumzi. Kumbe vidole navyo huibwa. Bibi mmoja mwenye kitochi kimoja alinijia nimwangalizie kwa *106#, tukakuta laini tatu kwa jina lake. Akakumbuka kijana wa mwavuli aliyemsajilia laini, aliyemwambia kidole hakijasoma vizuri, arudie tena na tena. Angalia na yako leo, inachukua dakika moja. Wahudumu wa mitandao hupiga kwa namba 100, wala hawana shida na namba yako ya siri. Namba ya tapeli ipeleke 15040, usibaki kumtukana bure, maana matusi hayamfungii laini.

Na ninyi wanunuzi wetu wa Ilala: mkibadilisha laini, msituandikie ujumbe. Pigeni, na muweke salio la kutosha kumaliza salamu.