Saa Sita Usiku, Seoul Kumekucha

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalikiri mapema kwa sababu mke wangu keshalisimulia mtaa mzima. Mimi ndiye niliyepiga hesabu ya saa.

Mke wangu, Mama Neema, ni mwalimu wa sekondari hapa Mpanda. Kikorea kilimwingia kupitia mlango ule ule kilioupitia kuwaingia wengi wa rika letu: tamthilia ya Jumong. Vipande 81, CD za kukodi, na mtafsiri mmoja akitoa sauti ya mfalme, ya malkia na karibu ya farasi. Wenzake walikuja kuisahau, yeye aligoma. Ndipo akasoma habari za ufadhili wa serikali ya Korea kwa wanaotaka shahada ya uzamili: mwaka wa kwanza ni wa lugha tupu, na mwombaji awe hajafika miaka 40. Yeye ana 37.

"Baba Neema," akaniambia, "mimi nikaanze kusoma irabu na watoto wa miaka 22? Naanza hapa hapa."

Aanzie wapi sasa. Mpanda ina mchele, ina asali, ina dhahabu, ina reli iliyofika mwaka 1950 ikifuata madini ya risasi. Ina pia viboko wa hifadhi ya Katavi, ambao wageni huwajia kwa ndege ilhali sisi majirani zao tunawaona kwenye kalenda. Mwalimu wa Kikorea ndiye hatuna. Kampasi ya Mizengo Pinda ya chuo kikuu cha SUA iko mkoani kwetu, kule Kibaoni, lakini wao shughuli yao ni kilimo na nyuki. Kuacha kazi ahamie Dar es Salaam kutafuta mwalimu halikuwa jambo la kutamkwa mbele ya ada za watoto. Ikabaki simu.

Akampata mwalimu wa Seoul anayefundisha kwa video. Tangazo lilisema Jumatatu na Alhamisi, 8 PM, saa za Korea. Nikavuta kiti. Mimi nina mashine ya kukoboa mpunga, hesabu za magunia hazijawahi kunishinda. Korea wametutangulia saa sita. Nane toa sita, mbili. "Saa mbili usiku," nikatangaza. "Umeshatoka kazini, umeshakula. Mungu akupe nini tena?"

Saa mbili usiku ikamkuta amejifunga kilemba kipya mbele ya simu. Skrini nyeusi. Akangoja mpaka saa tatu, wali umepoa, watoto tumewakataza hata kukohoa. Neema, aliye kidato cha pili, ndiye aliyetuonea huruma.

"Baba, ile mbili uliyopata ni ya saa ya Kizungu. Kwetu hiyo ni saa nane mchana."

Kisha akaongeza jambo lililonifanya nitazame saa ya ukutani kana kwamba nimeiona leo. Saa yetu ya Kiswahili imepishana na ya Kizungu kwa saa sita, na Korea nayo imetupita kwa saa sita zile zile. Kwa hiyo namba ni moja. Hapa ikiwa saa mbili usiku, saa ya mtu wa Seoul nayo inasoma mbili, ila yeye yuko katikati ya usingizi. Hakukuwa na haja ya kutoa wala kujumlisha kitu. Laiti ningekaa kimya, nisingekosea.

Ila saa nane mchana Mama Neema yuko darasani na kidato cha tatu. Na hapo ndipo tulipoelewa ukubwa wa shida: kila darasa la jioni la Wakorea, lile la watu waliotoka kazini, linaangukia mchana wetu, sisi tukiwa kazini. Alizunguka mtandaoni wiki tatu. Mwishowe akapata darasa la wanaowahi kuamka, Jumanne na Ijumaa, 6 AM, alfajiri ya Seoul. Kwetu hiyo ni saa sita usiku.

Wiki hiyo hiyo mama yangu akatufikia kutoka Karema, na kapu la migebuka mikavu.

Sasa kwenye nyumba yetu mtandao hushika vizuri sehemu moja tu, ukumbini, nje ya mlango wa chumba cha wageni. Usiku wa Jumatatu nikaamshwa na mama, kanga begani, tochi mkononi.

"Mwanangu, mkeo ana nini?"

"Anasoma, mama."

"Anahesabu. Nimemsikiliza muda mrefu. Nne, nne, nne. Hafiki tano."

Nikamweleza kwamba kwa Kikorea "ne" ni kuitikia, kama kusema ndiyo. Mama akafikiri. "Basi huyo mwalimu ana raha. Mimi mke wa mtu hajaniitikia hivyo tangu nije."

Kilichofuata ni mambo ya vibandiko. Mama Neema aliamua nyumba nzima imfundishe, akaandika kwa herufi za Kikorea kwenye mlango, jiko, ndoo na makopo. Akanieleza kwamba herufi hizo zilibuniwa na mfalme Sejong mwaka 1443, zikatangazwa 1446, ili mtu wa kawaida naye aweze kusoma. Msingi wake ni 24 tu. Nikamwambia mfalme huyo alikuwa na moyo mzuri. Sikujua kwamba kesho yake nitamlaani.

Chumvi kwa Kikorea ni sogeum. Sukari ni seoltang. Yote yanaanza na herufi moja, ile iliyokaa kama paa la nyumba ya bati. Tofauti ni kwamba kwenye chumvi irabu imelala chini ya paa, na kwenye sukari imesimama ubavuni. Makopo yalikuwa ya aina moja, asubuhi ilikuwa na giza, umeme haukuwepo. Nikamwekea mama yangu vijiko vitatu.

Akanywa fundo moja. Akaweka kikombe chini taratibu, kwa adabu ya watu wa zamani.

"Chai hii," akauliza, "mmeipikia Uvinza kwenye chumvi?"

Jioni yake makopo yalikuwa yamefungwa nyuzi, jekundu la chumvi, jeupe la sukari. Aliyezifunga hakusema neno, na Mama Neema hakuthubutu kuzifungua.

Usiku wa Alhamisi mama hakulala. Alivuta kigoda akaketi nyuma ya mkwewe, eti joto limezidi chumbani. Mwalimu, binti mdogo mwenye miwani, alipomwona mzee kwenye skrini alinyamaza ghafla, akasimama, akainama mpaka tukaona utosi wake.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia. Kisha akanigeukia. "Huyu kalelewa."

Binti akaketi, akamuuliza mama swali refu kwa Kikorea, polepole, kwa tabasamu. Mama Neema akafungua daftari haraka haraka kutafuta maana. Mama hakungoja.

"Nne," akajibu.

Mwalimu akapiga makofi. Akamgeukia mwanafunzi wake, na kwa Kiingereza cha kuungaunga akamwomba asikilize vizuri matamshi ya bibi.